Vikombe Vinne vya Mzee Onyuka

Kring.

Kengele ya baiskeli ililia gizani, mara moja tu.

"Nani huyo anaita abiria saa hizi?" Josiah aliuliza kutoka kitandani.

"Ni mimi, Baba," Winny akajibu. "Nimeigonga na kichwa."

Baiskeli ya Josiah ililala ndani ya nyumba kila usiku, kati ya meza na ukuta. Ilikuwa ya boda boda. Josiah alibeba watu kutoka Malaba ya Kenya hadi Malaba ya Uganda, kisha akabeba wengine kurudi. Baiskeli ndiyo iliyowalisha, kwa hiyo ilipewa nafasi kubwa kuliko ya mtu yeyote.

Nabwire, mke wa Josiah, aliwasha taa ya koroboi. Siku hizi aliamka bila kuamshwa. Wiki tatu zilizopita alikuwa ameandikwa weita katika hoteli ya Mama Eucabeth, pale malori yanapopanga foleni. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya mshahara. Alipewa aproni ya kijani yenye mfuko mbele. Aliikunja kila jioni kama nguo ya kanisani.

"Mama, mwezi umeisha?" Winny akauliza.

"Bado siku tisa."

"Ukiisha tutakuja kula kwa hoteli yenu?"

"Tutakuja."

"Na nitakaa kwa kiti cha wageni?"

"Utakaa kwa kiti cha wageni, na utaletewa sahani kwa trei."

Winny alikuwa na miaka sita. Alikuwa hajawahi kuletewa chakula kwa trei. Alirukaruka pale gizani mpaka kengele ikalia tena.

"Mama Winny," Josiah akasema, "hebu nisomee tena ule mshahara."

Aliujua vizuri. Alipenda tu kuusikia ukisomwa. Nabwire alitoa daftari lake la masomo ya jioni, yale ambayo watu wa Malaba huyaita gumbaru. Siku ya kuandikwa, Mama Eucabeth alisema maneno na yeye akayaandika hapo hapo. Aliusogeza ukurasa karibu na taa, akasoma polepole:

"Shilingi elfu moja na mia tano kwa mwezi. Chakula cha mchana. Na chai."

"Chai nayo unapewa kweli?"

"Nakunywa kila siku. Kikombe saa nne na kikombe saa kumi. Sikosi hata kimoja. Ni haki yangu."

Josiah alicheka.

"Kunywa hiyo. Lakini ile chai nyingine usiiguse. Unakumbuka yule mtu wa wiki jana?"

Nabwire alikumbuka. Josiah alikuwa amebeba gunia la mahindi la mteja. Mtu fulani aliyejifanya mkubwa wa njia alishika usukani na kukataa kuuachilia. "Toa ya chai," alisema. Josiah alitoa pesa ya nusu siku ndipo usukani ukaachiliwa.

"Hiyo chai haitaingia hapa kwetu," Josiah akasema.

"Haitaingia," Nabwire akakubali.

*

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Malori yalikuwa mengi, na saa saba hoteli ilijaa. Katika meza ya dirishani waliketi madereva sita. Mkubwa wao aliitwa Mzee Onyuka. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya sufi, na mahali alipokula Onyuka ndipo wenzake wote walipokula.

Nabwire aliwahudumia kwa furaha. Alileta maji ya moto ya kunawa kabla hayajaitishwa. Dereva mmoja alishika shavu kwa maumivu ya jino. Nabwire alirudi jikoni na kumwomba Apeduno, mpishi, amtolee nyama laini isiyo na mfupa. Mwingine hakutaka kitunguu. Ugali wa Mzee Onyuka ulipopoa, Nabwire aliubadilisha bila kuambiwa.

Walipomaliza kula, walilipa bili kwenye kaunta. Mzee Onyuka akarudi mezani. Aliweka noti ya shilingi ishirini chini ya kisahani.

"Dada, hiyo ni ya chai," akasema.

"Sawa, mzee."

Kikombe kimoja kilikuwa shilingi tano. Nabwire alipiga hesabu kichwani. Alikwenda jikoni na kurudi na trei. Aliweka mbele ya Mzee Onyuka vikombe vinne vya chai ya maziwa, vyote vikifuka moshi.

Meza nzima ilikufa kwa kicheko.

"Mzee Onyuka, kunywa bwana," mmoja akasema. "Tumbo lako ni tangi, litatosha."

"Hapana, dada," Mzee Onyuka akasema, naye akicheka. "Si ya kunywa mimi. Ni chai yako wewe."

Tabasamu la Nabwire likapotea. Chai yako wewe. Neno lile lile la yule aliyeshika usukani. Huyu mzee alitaka kununua nini kwa hongo hiyo? Alitaka nini kwa mke wa mtu?

Alichukua ile noti. Aliikunja. Akaitia ndani ya mfuko wa shati la Mzee Onyuka mwenyewe, mbele ya watu wote.

"Mzee, mimi sili chai," akasema. "Kama kuna kitu unataka, hapa hakipatikani."

Dereva mwenye jino bovu alisahau kushika shavu. Mzee Onyuka aliinuka, akavaa kofia yake vizuri, akatoka. Wenzake wakamfuata. Vikombe vinne vilibaki mezani, vikipoa.

Kesho yake, meza ya dirishani ilikuwa tupu. Madereva sita walikuwa ng'ambo ya barabara, katika hoteli ya jirani. Nao hawakuwa sita tena. Walikuwa kumi na wawili.

Mama Eucabeth alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nabwire, kuja hapa. Unaona wale? Wale ni unga wangu na mafuta yangu. Ulimwaibisha mtu mzima mbele ya watu wake."

"Mama, alinipa chai."

"Na wewe ulitaka akupe nini, mawe? Sikiliza. Hadi Jumamosi mchana. Warudi, na wewe ubaki. Wasiporudi, nirudishie aproni yangu."

*

Hoteli ilikuwa na weita mwingine, jina lake Amuron. Alikuwa Mteso kutoka upande wa Tororo, na alikuwa amefanya kazi hiyo miaka kumi, pande zote mbili za mpaka. Alimkuta Nabwire nyuma ya jikoni akikoroga kikombe chake cha saa kumi huku machozi yakimdondoka.

"Dada, unalilia chai?"

"Hii ndiyo chai ya mwisho. Na ni sehemu ya mshahara wangu."

"Nani alikwambia hivyo?"

Nabwire alimwonyesha daftari. Amuron alisoma, akaweka mkono mdomoni. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Unacheka nini?"

"Dada, wiki tatu umekunywa mshahara?" Amuron alifuta macho. "Mama Eucabeth hakusema chai ya kikombe. Alimaanisha pesa wageni wanaacha. Wakenya mnaiita chai. Hata bakshishi. Sisi huko tunaiita kasiimo. Ni kitu kidogo cha kushukuru."

"Lakini chai ni hongo. Bwanangu alishikwa usukani wa baiskeli juu ya chai."

"Sawa. Huyo alidai lini? Kabla ya kumwachilia ama baada?"

"Kabla."

"Na Josiah angekataa?"

"Asingepita."

"Sasa Mzee Onyuka. Alikuwa amekula?"

"Ameshakula, ameshiba, na bili ameshalipa."

"Kuna kitu ulimnyima, hata akupe pesa ndipo akipate?"

Nabwire alifikiri. "Hapana. Nilikuwa nimempa kila kitu."

"Aliificha?"

"Aliiweka mezani, watu wakiona."

"Basi umejijibu. Hongo ni pesa ya kufungua mlango uliofungwa makusudi. Kasiimo inakuja wakati mlango ulikuwa wazi, mtu ameingia, amefurahi, anaenda zake. Hakuna anayemlazimisha. Akiacha, unasema asante. Asipoacha, unasema karibu tena, na kesho unamletea maji ya moto vile vile. Ukianza kumnunia asiyeacha kitu, hapo sasa wewe ndiye umeshika usukani."

Nabwire alicheka kidogo huku machozi hayajakauka.

"Lakini usijidanganye," Amuron akaendelea. "Wengine wanaacha noti na mkono juu yake. Anataka namba ya nyumba yako. Hiyo irudishe, kama ulivyofanya. Kosa lako ni moja tu. Hukuuliza. Ulimhukumu mzee wa watu kwa neno."

"Na hii 'na chai' iliyo kwa daftari?"

Hapo Amuron akaacha kucheka. Alivuta kibao, akaketi.

"Hilo ni kosa la Mama. Mshahara ni wa mwenye hoteli kulipa, na chai ni ya mgeni kutoa. Hawezi kukuahidi pesa ya mfuko wa mtu mwingine. Kule Tororo tajiri wangu alisema, 'Wewe unapata kasiimo, kwa nini nikulipe yote?' Akanikata nusu. Nikanyamaza. Ikaja mvua, daraja likaenda, malori hayakuja mwezi mzima. Nilisimama katika hoteli tupu kutwa nzima, aproni safi, tumbo tupu. Tangu siku hiyo naandikiana mshahara kwanza. Nikibishiwa, kuna ofisi ya leba, ya haki za wafanyakazi. Kuuliza huko ni bure."

"Na hiyo kasiimo, huwa unaiweka yote mfukoni?"

"Hapana. Nani alitoa mfupa kwa ile nyama? Apeduno. Yeye haonekani na wageni, anaonekana na moshi tu. Namgawia. Tulipatana hivyo."

*

Jioni hiyo Nabwire alimweleza Josiah yote. Josiah alikaza uso.

"Chai ni chai," akasema.

"Yule nesi uliyempeleka Amukura siku ya mvua, nauli ilikuwa ngapi?"

"Thelathini."

"Alikupa ngapi?"

"Hamsini. Alisema nibaki na chenji, kwa sababu nilisukuma baiskeli kwa matope na yeye amekalia."

"Kwa hivyo ulikula hongo ya nesi."

"Wewe nawe. Ile ilikuwa..." Josiah alianza, akakwama. Alimtazama mkewe. Alitazama baiskeli. "Ile ilikuwa asante."

"Na ya Mzee Onyuka ilikuwa nini?"

Josiah alikuna kichwa kwa muda mrefu. Winny alikuwa akisikiliza kutoka chini ya meza.

"Baba amekwama," akasema Winny.

Josiah akacheka mpaka akainama. "Haya, nimekwama. Najua lori lake. Linangoja karatasi, liko karibu na mwisho wa foleni. Ijumaa asubuhi panda nyuma, nikupeleke. Nauli utalipa kwa kikombe."

*

Ijumaa asubuhi barabara ilikuwa imejaa. Malori yalipangana toka mpakani hadi juu mlimani. Josiah alikanyaga kwa nguvu na kupiga kengele bila kupumzika. Nabwire alikaa nyuma, aproni ya kijani imekunjwa mapajani. Wenzake Josiah walimpigia mluzi.

"Josiah, leo umebeba mkubwa gani?"

"Nimebeba weita wa hoteli," Josiah akajibu. "Toka njiani."

Mzee Onyuka alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori, akinyoa ndevu kwa kioo cha pembeni. Alimwona Nabwire kwenye kioo. Hakugeuka.

"Umeniletea vikombe vingine?"

"Hapana, mzee. Nimeleta samahani." Nabwire alishuka na kupiga goti kidogo, kama wanavyosalimu wakubwa kwao Bumala. "Sikujua. Mimi ni mgeni kwa hii kazi. Niliposikia chai, nilijua zile mbili tu. Moja ya kikombe, na moja ya kushikwa usukani."

Mzee Onyuka alifuta povu shavuni. Akageuka sasa.

"Unajua kwa nini iliniuma? Si kwa sababu walinicheka. Siku hiyo nilikuwa nimetoa pesa mara sita barabarani. Huyu nipe, yule nipe, songa hapa, ngoja pale. Zote nilidaiwa. Ile ishirini ndiyo pekee niliyotoa kwa kupenda mwenyewe. Na ndiyo hiyo ukanirudishia."

Josiah, aliyeshika baiskeli, alitazama chini.

"Mzee," Nabwire akasema, "chakula cha kesho ni samaki. Apeduno amepata sangara mbichi kutoka Osieko. Njoo. Na ukipenda kuacha kitu, acha. Usipopenda, njoo tu. Lakini nakuomba usiiite chai."

"Niiite nini?"

"Iite asante. Hiyo hainichanganyi."

Mzee Onyuka alimtazama. Povu lilikuwa bado sikioni. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika.

"Vikombe vinne," akasema. "Ati vikombe vinne. Nimemwambia mke wangu kwa simu, akacheka mpaka pesa ya simu ikaisha."

*

Jumamosi saa saba kasorobo, Mama Eucabeth alikuwa mlangoni tena. Alitazama saa, akatazama barabara. Nabwire alipanguza meza ya dirishani mara nne.

Kwanza ikaonekana kofia ya sufi. Nyuma yake walikuja madereva, wawili wawili, wakikatiza barabara. Amuron aliwahesabu kwa sauti ya chini: kumi na nne. Mama Eucabeth alikimbilia jikoni. "Apeduno, ongeza ugali. Ongeza tena."

Siku hiyo hakuna weita aliyekaa. Samaki aliisha, ugali ukaisha, hata pilipili ikaisha. Mzee Onyuka alipomaliza, aliweka ishirini chini ya kisahani.

"Asante," akasema kwa nguvu, meza zote zisikie.

"Asante nawe, mzee," Nabwire akasema, na noti ikaingia katika mfuko wa aproni.

Mama Eucabeth alikuwa kwenye kaunta, akitabasamu. Aliona mfuko wa aproni umevimba.

"Sasa umeona, Nabwire? Aproni ni yako. Na kwa vile wageni wanakupenda hivi, mwisho wa mwezi nitakupa elfu moja. Hizo zingine wamekumalizia wao."

Kazi aliyoipigania wiki nzima ilikuwa mkononi mwake. Angenyamaza, ingebaki. Alimtazama Amuron. Akakumbuka aproni safi na tumbo tupu.

"Mama," akasema polepole, "tuliandikiana elfu na mia tano. Ukinipunguzia, na malori yakikosa kuja wiki mbili, wewe utanilipa nini? Hawa wakiondoka, nitadai nani?"

"Kwani chai si uliandika? Na chai, si ni maneno yangu?"

"Ni yako, mama. Lakini chai si yako."

Mama Eucabeth alifungua mdomo. Kabla hajasema, Mzee Onyuka, aliyekuwa akingoja chenji pale kaunta, alikohoa.

"Eucabeth, hebu nisaidie. Samaki nimelipa?"

"Umelipa."

"Ndani ya bei ya samaki si kuna mafuta, makaa na mshahara wa huyu?"

"Iko."

"Sasa kama ile ishirini pia unaifanya mshahara wake, mimi nimelipia samaki mara mbili. Basi kesho siachi kitu. Sitaki kukuachia wewe. Nataka kumwachia yeye."

Madereva waligonga meza. "Mzee amesema. Eucabeth, jibu."

Mama Eucabeth aliwatazama wote. Alikuwa mwanamke wa hesabu, na hesabu hii aliielewa haraka. Akashindwa kuzuia kicheko.

"Nyinyi mtanifunga hoteli. Haya, lete hilo daftari."

Nabwire alileta. Mama Eucabeth alifuta maneno "Na chai" kwa mstari mmoja. Kisha wakasaidiana kuandika. Mshahara ni elfu moja na mia tano, utalipwa wote, malori yaje yasije. Siku moja ya kupumzika kila wiki. Asante za wageni ni za wafanyakazi, na Apeduno wa jikoni ana fungu lake. Mama Eucabeth akatia sahihi. Nabwire naye akatia yake, herufi kwa herufi, bila kukosea hata moja. Apeduno alichungulia kutoka kwenye moshi na kuuliza kama jina lake limeandikwa vizuri.

*

Mwezi uliisha. Siku yake ya kupumzika, Nabwire aliingia hotelini kwa mlango wa mbele. Hakuvaa aproni. Alivaa gauni lake la maua. Josiah alimfuata, shati limepigwa pasi, na Winny katikati yao. Baiskeli iliegemezwa nje ya dirisha ili kila mtu aione.

Winny alipanda juu ya kiti cha wageni. Miguu yake haikufika chini. Alishika meza kwa mikono yote miwili, kana kwamba itaondoka.

Amuron alikuja na maji ya moto. "Karibu, mteja. Utakula nini?"

"Samaki," Winny akanong'ona. "Na uilete kwa trei."

Sahani ilikuja kwa trei. Amuron alikuwa ametoa miiba yote kabla ya kuileta. Winny alikula mpaka akanyamaza kabisa, jambo ambalo Josiah alisema halijawahi kutokea. Josiah alikwenda kaunta kulipa bili. Nabwire alikwenda jikoni kumsalimu Apeduno. Winny alibaki peke yake mezani kwa muda mfupi.

Katika kiganja chake alikuwa na shilingi tano. Babake alimpa asubuhi, ya peremende. Alikuwa ameishika tangu nyumbani, na sasa ilikuwa ya moto.

Walipokuwa mlangoni, tayari kutoka, Amuron alikuja kupanguza meza. Aliinua kisahani. Chini yake kulikuwa na sarafu.

"Josiah, ngoja," akaita. "Mtoto amesahau pesa yake hapa."

Watu waligeuka. Josiah akatia mkono mfukoni, akamtazama mkewe. Winny aliachilia mkono wa mama yake na kurudi hatua moja ndani.

"Sijaisahau," akasema kwa sauti, "nimeiacha."